SOMO: Kusafisha kiota cha sungura aliyezaa bila kuua watoto

Habari zenu wafugaji. Kipupwe kikiingia, maswali yanayoletwa hapa huwa ni yale yale: watoto wamekufa siku ya tatu, wamekutwa wa baridi, wamekutwa wamelowa. Ukimhoji mwenye sungura unakuta ni mtu msafi kweli kweli. Kila asubuhi anatoa kila kilichomo kwenye kiota, anafagia, anaweka majani mapya. Hapo ndipo watoto wanapoishia.

Kwa mtoto wa sungura, kiota kisafi ni kiota kikavu chenye joto, basi. Kilicholowa kitoke, kilichooza kitoke. Kilicho kikavu kibaki hata kama hakipendezi machoni. Mtoto anazaliwa uchi, macho na masikio yamefumba, na hawezi kujipasha joto mwenyewe. Ndani ya kiota panatakiwa nyuzi kama 30 hadi 32, wakati usiku wa Julai hapa Dodoma joto hushuka hadi 13 au 14, na upepo wetu mnaujua. Yale manyoya mama aliyojinyonyoa tumboni ndiyo blanketi lao. Ukiyatupa, hakuna duka la kununua mengine.

Hatua ya 1: Sanduku

Mbao ya kawaida inatosha. Kwa sungura wa wastani, kama New Zealand White, urefu uwe sentimita 45, upana 30, kimo 30, na mlangoni acha kizingiti cha sentimita 15 ili watoto wasidondoke. Likiwa kubwa sana mama atahamia humo, atalala na kunya humo humo. Sakafu itobolewe matundu madogo mkojo upite. Chipboard inavimba na kuoza, na beseni la plastiki linatoa jasho chini ya majani. Yote mawili yaacheni.

Hatua ya 2: Matandiko

Chini weka maranda ya seremala, unene wa vidole viwili vitatu. Muulize kwanza kama mbao ile ilipakwa dawa. Usichukue ule unga laini wa msumeno, unaingia puani. Juu ya maranda jaza nyasi kavu laini mpaka sanduku lijae, kisha kwa ngumi yako tengeneza shimo upande wa nyuma. Mama atamalizia mwenyewe.

Wengi wetu baada ya mavuno tuna majani ya karanga, na mnayatumia. Sikatazi, ila yapimeni. Chukua fungu, lipige kwenye kiganja mahali penye jua. Likitoa vumbi la kijivu au harufu ya uvundo, lina ukungu, lipeleke shimo la mboji. Majani ya mpunga ya Bahi ni mazuri, ila yale magumu yafikicheni kwanza.

Hatua ya 3: Siku ya kuweka

Mimba ya sungura ni siku 31 hivi, wengine 28, wengine 32. Andika tarehe ya kupandisha kwenye kipande cha boksi ukining'inize mlangoni mwa kizimba. Sanduku liingie siku ya 27 au 28. Mkiliweka mapema mno mama analifanya choo, na kiota kinakuwa kichafu kabla ya mtoto kuzaliwa.

Hatua ya 4: Usafi wa kwanza, baada ya kuzaa

Hapa ndipo penye kazi, msiharakishe. Mwache mama atulie, apewe maji mengi na majani anayoyapenda. Akiwa anakula, mtoe au ziba mlango wa kiota. Nawa mikono kwa sabuni isiyonukia, suuza, kisha sugua viganja kwa nyasi za kizimba chake.

Kitu cha kwanza kutoa ni manyoya. Yaweke pembeni kwenye chombo kikavu. Watoto waweke juu ya manyoya hayo, wafunike kwa mengine. Sasa angalia kiota: nyasi zenye damu, mabaki ya kondo la nyuma, na mtoto aliyekufa. Mfu mara nyingi yuko chini kabisa, amelaliwa na wenzake, kwa hiyo tafuta hadi kwenye maranda. Asipotolewa ataoza na kuita inzi. Ziba palipolowa kwa maranda na nyasi mpya, rudisha manyoya, rudisha watoto, funika. Dakika chache tu, mbali na upepo.

Manyoya yakizidi, chukua kidogo ukayahifadhi kwenye bahasha ya karatasi. Siku jike mwingine akizaa bila kujinyonyoa utanishukuru.

Hatua ya 5: Kila siku

Usifumue kiota. Ingiza mkono taratibu kutoka pembeni mpaka uwaguse. Penye afya utakuta joto linalokupokea vidoleni, watoto wamelundikana, matumbo yamejaa kama puto, na wakiguswa wanaruka. Penye shida utakuta ngozi imekunjamana, wametawanyika, wanalia.

Kisha pitisha vidole chini yao. Watoto wakishanyonya wanakojoa pale pale, halafu wanachimba kurudi ndani ya manyoya. Kwa hiyo panapolowa ni chini, juu panabaki pazuri na kukudanganya. Chomoa fungu lililolowa, sukumia kavu mahali pake. Manyoya yaliyoshikana kwa mkojo yatoe, mengine yaache. Punje chache kavu za mavi ya mama hazina neno. Rundo la mavi na mkojo wake, hilo litoke siku hiyo hiyo.

Oktoba na Novemba, joto likija, mambo yanageuka. Ukiwakuta wametawanyika, wekundu, wanahema, punguza manyoya ya juu uyaweke kwenye bahasha.

Hatua ya 6: Macho yakifunguka

Siku ya 10 hadi 12 macho yanafunguka. Baada ya wiki mbili wanaanza kutoka na kurudi, wanakula na kunya humo. Sasa ndipo unaruhusiwa kubadilisha matandiko yote, kila yanapolowa. Mayai ya vimelea vya koksidia yanayotoka na mavi huhitaji unyevu na muda wa siku moja hadi chache kabla hayajaweza kuambukiza, ndiyo maana kufagia kila siku kuna faida kuliko kufagia sana Jumamosi. Siku ya 18 hadi 21 sanduku litoke. Kipupwe kikiwa kikali ongeza siku chache.

Hatua ya 7: Kuosha sanduku

Kwangua, sugua kwa sabuni, kisha mwagia maji yanayochemka. Jiki inaua bakteria lakini koksidia haiwatishi, wale wanakufa kwa moto na ukavu. Ukoko mweupe wa mkojo lainisha kwa siki. Halafu jua la Dodoma, siku nzima, ndani kukielekea juu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Kongwa): Shikamoo mama. Wangu kazaa juu ya waya, sanduku kaliacha. Watoto wawili wa baridi kabisa lakini mdomo unachezacheza. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Waweke kifuani ndani ya nguo, au kwenye boksi lenye chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kitambaa. Usimnyweshe mtoto wa baridi chochote. Wakichangamka wapeleke sandukuni na wenzao, na manyoya yaliyoko kwenye waya yaokote yote. Mama hatawabeba, sungura habebi watoto kama paka.

Swali (Nzuguni): Nyasi kwetu shida. Vipande vya mitumba je?

Jibu: Hapana kaka. Nyuzi zinajifunga kwenye mguu au shingo ya mtoto, na kitambaa kikishalowa kinakaa na mkojo. Tumia karatasi zisizong'aa zilizochanwa, changanya na maranda.

Swali (Mpwapwa): Nimekaa kutwa nzima namwangalia, hajaingia kiotani hata mara moja. Ni mama mbaya?

Jibu: Hapana dada yangu. Sungura ananyonyesha mara moja kwa siku, pengine mbili, dakika chache tu, mara nyingi usiku au alfajiri. Angalia matumbo ya watoto asubuhi. Yakiwa yamejaa, nenda kalale. Na maji yasikauke, anayenyonyesha kwenye joto anaweza kumaliza lita nzima na zaidi kwa siku.

Swali (Mkonze): Bibi anasema ukiwagusa kwa mkono mama anawala. Wewe unatuambia tuguse kila siku!

Jibu: Mheshimu bibi, lakini gusa. Jike aliyekuzoea hana shida. Wanaokula watoto mara nyingi wana kiu, wana njaa, wameogopeshwa na mbwa au kelele, au ni uzao wa kwanza. Mfu aliyeachwa kiotani naye anachangia.

Swali (Chamwino): Siafu walinimalizia uzao mzima usiku mmoja. Niweke dawa ya unga ndani ya sanduku?

Jibu: Pole sana. Ndani ya sanduku usiweke dawa yoyote. Miguu ya banda isimame kwenye makopo yenye oili chafu, na usiache jani au kamba inayogusa ukuta, hilo ndilo daraja lao. Majivu yazungushie chini. Damu na mfu vikitolewa mapema, harufu ya kuwaita inapungua.

Swali (Kizota): Siku ya 13 leo, wawili jicho moja halijafunguka, lina usaha.

Jibu: Chemsha nusu lita ya maji na chumvi kijiko kidogo kisichojaa, yapoe mpaka uvuguvugu. Lowesha pamba, lainisha ukoko, usivute kwa kucha. Mara mbili kwa siku, na matandiko badilisha yote leo. Kukiendelea usaha kesho, afisa mifugo wa kata akupe dawa ya macho ya mifugo. Ukisubiri mpaka siku ya 20, jicho linapotea.

Swali (Kongwa tena): Asante mama, wawili wamepona. Sasa mama yao titi moja gumu, la moto, linaelekea ubluu. Nihamishie watoto kwa jike jingine lililozaa juzi?

Jibu: Usiwahamishe! Huo ni ugonjwa wa matiti, na watoto wanaweza kuupeleka kwa yule mzima. Toa matandiko yote ya kizimba na kiota sasa hivi, kagua kizingiti kama kina msumari au kibanzi kinachomchubua, na mpigie daktari wa mifugo leo hii kwa sababu anahitaji sindano. Dawa uliyobakiza ya kuku usimpe, baadhi ya antibiotiki zinaua sungura. Daktari akifika mwambie ni sungura anayenyonyesha, kisha utuandikie hapa amempa nini.