Kuendesha Gari kutoka Chake Chake hadi Vumawimbi: Mwongozo kwa Dereva Anayeanza

Pemba haina milima mirefu, lakini vilima vyake vimesongamana, na barabara hupanda, hukata kona na kushuka tena kwenye bonde la mpunga kabla dereva hajatulia. Kwa sababu hiyo, njia inayotoka Chake Chake kupitia Konde na msitu wa Ngezi hadi ufukwe wa Vumawimbi ni mahali pazuri mno pa kujifunzia kwa aliyepata leseni karibuni.

Ondoka asubuhi, baada ya kukagua breki, upepo wa matairi, tairi la akiba na jeki. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, haimfai anayeanza, kwani udongo wa njia za ndani huteleza sana ukilowa.

Jambo kubwa ni mteremko. Ingiza gia ndogo kabla hujaanza kushuka, wala usingoje ufike katikati, ili injini ilizuie gari na breki zisipate moto. Kona isiyoonekana mwisho wake ipigie honi, ubaki upande wako wa kushoto, na usijaribu kabisa kulipita gari lililo mbele. Daladala ikisimama mbele yako kwenye mwinuko, vuta hendibreki, achia klachi taratibu hadi uhisi gari linataka kwenda, ndipo uishushe hendibreki.

Msimu wa karafuu huhitaji uangalifu wa pekee. Watu huanika karafuu juu ya majamvi kando ya lami, na mara nyingine jamvi huingia barabarani, huku mtoto ameinama akizigeuza kwa mikono. Punguza mwendo hadi ule wa mtu anayetembea, na usikanyage hata ukingo wa jamvi. Hayo ni mapato ya nyumba nzima.

Ukiingia Ngezi, washa taa, kwa sababu macho yaliyozoea jua huchelewa kumwona mwenda kwa miguu kivulini. Baada ya msitu, njia ya kwenda Vumawimbi ina mchanga. Endesha kwa mwendo mdogo usiobadilika, bila kukata usukani ghafla. Gurudumu likianza kuzunguka bure, ondoa mguu kwenye mafuta mara moja, kwani kila mzunguko hulizamisha zaidi. Fukua mchanga ulio mbele ya matairi, tandika makuti makavu, kisha utoke polepole. Anza kurudi jua likiwa bado juu, kwa maana magharibi ng'ombe hurejeshwa nyumbani na baiskeli nyingi hazina taa.