Kushuti video ya hip hop: anza na hesabu ya baa, kamera baadaye

Video nyingi za hip hop huharibika kabla kamera haijawashwa. Gari limepatikana, ukuta wenye michoro umepatikana, nguo ni mpya, watu wanashuti mpaka giza linaingia. Siku ya kuhariri ndipo inagundulika kwamba vesi ya pili ina picha mbili tu zinazofaa. Ukianza na wimbo wenyewe, baa kwa baa (baa ni kipande cha wimbo chenye midundo minne), kila kitu kingine kinajipanga nyuma yake: idadi ya picha, muda wa kushuti, hata aina ya lenzi.

Hatua ya 1: Pima wimbo

Omba faili la mwisho la WAV, lililokwisha kufanyiwa miksi na masta. Usikubali demo. Prodyuza akiongeza baa mbili za utangulizi baada ya shuti, hilo linarekebishika, unasogeza tu picha. Lakini akipandisha kasi kutoka 90 hadi 92, au rapa akirudia kurekodi vesi, midomo yote uliyoshuti haina kazi tena.

Kisha uliza BPM, yaani idadi ya midundo kwa dakika. Gawanya 240 kwa namba hiyo, unapata sekunde za baa moja yenye midundo minne. Kwa wimbo wa BPM 90, baa moja ni sekunde 2.67, vesi ya baa 16 ni kama sekunde 43, kiitikio cha baa 8 ni sekunde 21. Wimbo wenye utangulizi wa baa 4, vesi mbili, viitikio viwili, daraja la baa 8 na mwisho wa baa 4 una baa 64, yaani dakika 2 na sekunde 51. Angalia biti za trap: prodyuza anaandika 140 wakati rapa anahesabu 70. Kubalianeni mnahesabu kwa ipi, la sivyo karatasi yako itaonyesha baa mara mbili ya zilizopo.

Chora jedwali lenye safu tatu: sekunde, maneno, picha. Andika mistari yote. Safu ya picha iache wazi kwanza.

Sasa hesabu mahitaji. Ukikata kila sekunde mbili kwa wastani, wimbo huu unataka vipande kama 85. Si lazima ushuti mara 85, kwa sababu rapa akirudia wimbo mzima mbele ya kamera unapata vipande vingi kwa mkupuo mmoja. Ila namba hiyo inakuonyesha mapema kwamba eneo moja na pembe mbili havitatosha.

Hatua ya 2: Jaza safu ya picha

Gawa video katika mafungu matatu: rapa akichana, picha za mazingira na watu, na kisa kama kipo. Fungu la kwanza ndilo uti wa mgongo. Hata kisa kikiwa kizuri namna gani, shuti wimbo mzima wa rapa akichana angalau katika maeneo mawili, ili kisa kikikwama uwe na video bado.

Epuka kutafsiri maneno kwa picha. Rapa akisema “ufunguo ninao mfukoni”, mkono unaotoa ufunguo sekunde hiyo hiyo hauongezi kitu, maana mtazamaji ameshasikia. Uonyeshe ufunguo baa nne kabla, mezani, bila maelezo. Mstari ukifika unagonga wenyewe, na uso wa rapa unabaki kwenye skrini. Panchi nzuri, yaani mstari unaogonga, ni ya uso, usiipeleke kwenye picha ya gari.

Vibali vishughulikie wiki hii, si asubuhi ya shuti: ruhusa ya eneo, kibali cha droni, ridhaa ya maandishi ya kila mtu anayeonekana kwa karibu, na uthibitisho kwamba sampuli (vipande vya nyimbo za wengine) zilizomo kwenye biti zimelipiwa. Silaha za kuigiza mahali pa wazi ziache, hata ziwe za plastiki. Mpita njia haoni plastiki, anaona silaha.

Hatua ya 3: Amua kasi ya fremu kabla ya siku ya shuti

Hapa ndipo watu wanapotea zaidi, kwa hiyo twende taratibu.

Slomo (mwendo wa polepole) ambayo mdomo bado unafuata wimbo hupatikana kwa kumpigia rapa wimbo ulioharakishwa, kushuti kwa fremu nyingi zaidi, kisha kurudisha picha kwenye kasi ya kawaida. Mradi ukiwa wa fremu 25 kwa sekunde na ukashuti kwa 50, wimbo lazima uchezwe kwa asilimia 200. BPM 90 inakuwa 180. Kwa kiitikio chenye maneno machache inawezekana, lakini kwa vesi nzito rapa anabaki anatafuna maneno, na mtazamaji ataona mdomo unaoigiza tu. Mradi ukiwa wa fremu 24 na ukashuti kwa 30, wimbo unachezwa kwa asilimia 125 tu. Rapa yeyote anayejua mistari yake anaimudu, na mwili unapata ule uzito wa kuelea bila mtu kujua kwa nini. Hii ndiyo sababu nzuri ya kuchagua 24 kama msingi.

Tahadhari moja. Kamera nyingi zikiandika 24 humaanisha 23.976, na zikiandika 30 humaanisha 29.97. Uwiano wa hizo mbili ni 1.25 kamili, safi. Ukichanganya 24 halisi na 29.97, unapata kosa la sehemu moja katika elfu. Linaonekana dogo, lakini mwisho wa wimbo wa sekunde 171 mdomo umepishana na sauti kwa fremu nne, na utahangaika usiku kucha ukidhani rapa ndiye aliyekosea.

Tengeneza mafaili mawili ya wimbo, la kawaida na la asilimia 125, yote yakianza na milio minne ya “tii” kwa mwendo wa mdundo. Milio hiyo inampa rapa mwanzo na inakupa wewe alama ya kuoanisha.

Hatua ya 4: Panga siku kwa saa

Mkupuo mmoja wa wimbo wa dakika 2:51, pamoja na kurudi mwanzo, kufuta jasho na kurekebisha mnyororo, hula dakika sita. Pembe nne, mikupuo miwili kila moja, ni dakika 48. Ongeza dakika 40 za kupanga taa. Eneo moja ni saa moja na nusu, na ukihesabu usafiri, kula na kubadili nguo, maeneo matatu yanatosha siku moja. Anayekuahidi matano atakuletea matano nusu nusu.

Anza na pembe pana, malizia na uso. Wakati wa pembe pana rapa bado anapasha, na makosa yake hayaonekani sana kwa mbali. Akifika kwenye picha ya uso mistari imeshakaa mdomoni. Usichelewe lakini, maana baada ya mkupuo wa kumi macho yanachoka hata kama mdomo bado una nguvu.

Hatua ya 5: Sauti ya eneo

Spika ya plebeki, yaani ile inayompigia rapa wimbo, iwe na nguvu ya kutosha ili asikie snea (ngoma kali inayopasua mdundo) hata akipiga kelele. Na lazima apige kelele. Rapa anayenong’ona mbele ya kamera hana mishipa shingoni wala pumzi kifuani, na hilo halifichiki. Mwambie achane kwa sauti ile ile aliyotumia studio.

Maikrofoni ya kamera iwe wazi muda wote. Haitasikika kwenye video, ila programu ya kuhariri inaitumia kuoanisha kila kipande na wimbo. Mtego upo kwenye lenzi ndefu, kwa sababu kamera inakaa mbali. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila mita 14 ni fremu moja ya kuchelewa. Kamera ikiwa mita 56 kutoka kwenye spika, sauti iliyorekodiwa iko nyuma ya picha kwa fremu nne. Programu ikioanisha kwa sauti, mdomo utatangulia wimbo. Chelewesha kipande kwa fremu nne, kwisha.

Baadhi ya kamera hazirekodi sauti kabisa zikiwa kwenye hali ya slomo. Jaribu yako nyumbani. Kama ndivyo, mtu asimame ndani ya fremu apige kofi kwenye mlio wa nne, kila mkupuo.

Hatua ya 6: Kamera na mwanga

Shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, namba yake iwe karibu mara mbili ya fremu: 1/50 kwa 24 au 25. Penye umeme wa hezi 50, tumia 1/50 au 1/100. Penye hezi 60, 1/60 au 1/120. Ukitoka hapo taa za bei rahisi zinaanza kupepesa, na kupepesa huko hakuondoki vizuri baadaye.

Jua kali linakulazimisha kutumia kichujio cha ND, yaani kioo cheusi kinachopunguza mwanga. Kwa ISO 800 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga) mwangaza sahihi wa jua la mchana ni kama tundu la lenzi la f/16 kwa shata ya 1/800. Ukitaka 1/50 na f/2.8 una stopu tisa za kuzuia, kila stopu ikipunguza mwanga kwa nusu. Kichujio cha stopu sita pekee kitaacha picha imeungua, na mtu anaponyanyua shata ili kuokoa hali, mikono ya rapa inaanza kukatika katika badala ya kutiririka.

Tundu la lenzi lisiwe wazi mno. Lenzi ya milimita 85 kwa f/1.8, rapa akiwa mita mbili kwenye kamera ya fremu kamili, ina kina cha fokasi cha sentimita sita hivi. Kichwa kinachotikisika kwa biti kinavuka hapo kila mdundo. Kwa f/4 unapata sentimita 13. Mandhari ya nyuma bado ni laini na macho yanabaki makali.

Kwa upande wa pili kuna lenzi pana, milimita 14 hadi 24, kamera chini usawa wa kiuno, rapa akiinamia lenzi. Jicho la samaki, lenzi pana mno inayopinda picha, lilivuma miaka ya 1990 kupitia video za mwongozaji Mmarekani Hype Williams, na bado linafanya kazi kwa sababu mkono unaokuja mbele unakuwa mkubwa na mwili unatawala fremu. Litumie kwa baa chache. Dakika tatu nzima linachosha.

Kwa ngozi nyeusi, usifukuze mwangaza kwa kuongeza ISO. Tumia chanzo kikubwa laini kutoka pembeni, kitambaa cheupe cha mita moja na nusu mbele ya taa kinatosha, halafu taa ndogo nyuma ya bega ili kutenganisha kichwa na giza. Ngozi nyeusi huchorwa na mng’ao kuliko na wingi wa mwanga. Zebra (mistari ya kamera inayoonyesha kiwango cha mwangaza) ya 70, inayotajwa sana, ililengwa ngozi nyeupe. Hapa uso hukaa vizuri karibu na 40 hadi 50 ukiangalia kupitia LUT, faili linalogeuza rangi za kamera ziwe za kawaida. Funga rangi ya mwanga kwa namba, mfano 5600 K, usiiache kwenye otomatiki, kwani itabadilika katikati ya vesi kila gari jekundu likipita.

Kwa ajili ya kipande cha wima cha simu, weka uso na mikono katikati. Picha ya 3840 kwa 2160 ikikatwa wima inabaki na upana wa pikseli 1215, chini kidogo ya theluthi.

Mafaili ya megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 kwa saa. Nakili kwenye diski mbili kabla ya kuondoka eneo. Kadi isifutwe mpaka video itoke.

Hatua ya 7: Kuhariri

Panga mikupuo yote juu ya wimbo mmoja, ikiwa imeoanishwa, kisha kagua mdomo kwa herufi zinazofunga midomo: p, b na m. Chukua mstari kama “Bado napambana, mpaka mlima unipishe”. Sogea hadi sauti ya “b” ya kwanza inapopasuka. Fremu moja au mbili kabla yake midomo lazima iwe imegusana. Rudia kwenye “mb” ya napambana, halafu “mp” ya mpaka. Zikikaa zote tatu, kipande kimekaa. Ikikaa ya kwanza na ya tatu ikateleza, rapa alikimbia katikati ya mstari, na dawa ni kukata kwenda pembe nyingine, si kusogeza.

Usikate kila mdundo. Kwa BPM 90 na fremu 24, mdundo mmoja ni fremu 16 kamili, hivyo inashawishi sana kuweka alama na kukata kama mashine. Baada ya baa mbili jicho limeshajua kitakachokuja. Kata fremu moja au mbili kabla ya snea, ruka baa nzima, kata mara tatu haraka, kisha mwache rapa peke yake sekunde tano kwenye mstari mzito. Vesi ikiwa na maneno mengi, picha zitulie. Kiitikio kikiwa na nafasi, picha zikimbie.

Rangi sahihisha kwanza kipande kwa kipande hadi ngozi zifanane, halafu ndipo uweke mtindo. Ukianza na mtindo, utakuwa unarekebisha mambo mawili kwa wakati mmoja.

Wakati wa kutoa faili, zima sauti zote za kamera na ubakize WAV ya masta peke yake. Toa na toleo lisilo na matusi kama wimbo unayo, kwa kutumia mikupuo ambayo mdomo uko nje ya fremu kwenye maneno hayo. Kisha fungua faili kwenye simu na uende moja kwa moja kwenye mstari wa mwisho wa wimbo. Kuteleza kwa mdomo kunajikusanya kuelekea mwisho, na hapo ndipo utakuona kwanza.