Ukishapata cheti, anza kusoma hati ya bima: kwa mawakala wenzangu wa Mombasa

Kozi ya COP, yaani cheti cha ustadi wa bima, hukufungulia mlango wa leseni. Kumjibu mteja anayekupigia usiku duka lake likiungua hujifunzwa baadaye, na njia bora niijuayo ni mawakala watatu wanne kukaa meza moja, hati ya bima ikiwa katikati. Sisi hukutana Mwembe Tayari alasiri, wateja wakipungua.

Chukueni hati moja kwa kikao. Iwe hati yenyewe, kipeperushi cha mauzo kiacheni ofisini. Nendeni moja kwa moja penye mambo yasiyolipwa, msome kwa sauti, kila mtu aya yake. Msomaji akimaliza aeleze kwa Kiswahili, kama anayezungumza na mama mwenye kibanda Kongowea, kisha ajibu: katika wateja wangu, nani atanyimwa fidia kwa aya hii? Akishindwa kumtaja hata mmoja, airudie.

Kwa magari, tazameni mstari wa matumizi. Gari la binafsi la Nyali linalobeba abiria wa kulipa jioni limetoka nje ya bima yake, na likigongwa kazini kampuni ina haki ya kukataa kulitengeneza. Kwenye thad pati, yaani bima ya kumlipa mtu wa nje aliyeumizwa na gari, Sheria ya Sura 405 imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa kila mtu aliyeumia. Mahakama ikitoa zaidi, mwenye tuktuk hujitafutia kilichobaki, ila kama hati yake inalipa zaidi ya hapo. Lazima ayasikie haya kabla ya kupewa stika.

Bima ya moto yataka kalamu. Mfanyabiashara wa Biashara Street ana vitambaa vya milioni 8, amekatia bima ya milioni 5 ili alipe kidogo. Moto unakula mali ya milioni 2. Yeye husubiri milioni 2 zote, kwa kuwa hazijafika 5. Lakini amelipia sehemu tano kati ya nane, na fidia hufuata uwiano huohuo: shilingi 1,250,000, kabla ya kukatwa eksesi, ile sehemu ya hasara anayoibeba mteja mwenyewe. Kila wakala aikokotoe mwenyewe, kisha abadilishe tarakimu na kurudia. Fujo za kisiasa nazo huwa nje ya bima ya moto ya kawaida, hununuliwa kando. Wafanyabiashara wengi nchini walilijua hilo baada ya uchaguzi wa 2007.

Mzigo wa melini upeni vikao viwili au vitatu. Tunaishi na bandari, na bado nasikia wakala akimwambia mwagizaji "mzigo una bima" akaishia hapo. Bima gani? Masharti ya kimataifa ni A, B na C. C ndiyo nyembamba: moto, meli kukwama, kuzama, kugongana, na mengine machache. Wizi haumo katika B wala C. Maji ya bahari kuingia ndani ya kontena yamo katika B, katika C hayamo. Mwagizaji akinunua kwa CIF, yaani bei yenye nauli na bima ndani yake, muuzaji wa ng'ambo ndiye hukata bima, na analazimika kufika C tu. Tangu 2017 Kenya inataka mizigo inayoingia ikatiwe bima humu nchini, kwa hiyo mwelekezeni mteja anunue kwa FOB au CFR, bei zisizo na bima ndani yake, bima aichague mwenyewe.

Zoezi letu ni hili: kontena la mchele kutoka Karachi lafunguliwa, magunia ya juu yamelowa. Je, ni maji ya bahari, au ni jasho la kontena, unyevu wa hewa uliogeuka matone ndani yake? Mkaguzi huweka tone la nitrati ya fedha kwenye gunia; likigeuka jeupe kama maziwa, chumvi ipo. Tone hilo laweza kuamua kama mwenye B atalipwa. Na kama mchele ulipakiwa ukiwa na unyevu, hata A inaweza kukataa, kwa kuwa dosari imo ndani ya bidhaa yenyewe. Jadilini pande zote tatu, mmoja wenu akisimama upande wa kampuni bila huruma. Halafu ulizaneni kuhusu muda: mzigo ukikawia bandarini, masharti haya hukoma siku 60 baada ya kushushwa melini, hata kama haujafika ghalani. Mwenye mvutano na forodha anahitaji kuongezewa muda mapema.

Swali lililowashinda mezani mwandikieni andaraita, yule wa kampuni anayeamua kukubali bima na masharti yake, kwa barua pepe, mkitaja namba ya kifungu. Majibu ya simu hayashikiki siku ya madai. Akijibu, jibu liingie kwenye faili la kila mteja linayemhusu, na wiki hiyohiyo mpigie simu umwambie bima yake inamlinda wapi na wapi haimlindi.