Hujui usome nini? Tazama mihuri

Ukiwa maktaba na hamu ya kusoma imepotea, usivutwe na majalada yanayong'aa. Fungua ukurasa wa mwisho uangalie karatasi ya tarehe za kurudisha, inayopigwa muhuri kila kitabu kinapoazimwa. Kitabu chenye mihuri iliyobanana kimeazimwa na wengi, na mara nyingi ndicho kitakachokushika. Kama maktaba yako inatumia kompyuta, muulize mkutubi vitabu gani havikai rafuni. Wakutubi wanajua mno, na hufurahi kuulizwa. Kisha keti papo hapo usome kurasa kumi kabla hujakiazima. Hapo ndipo penye kazi yenyewe: ukishajua jina la mhusika na shida yake, utataka kuendelea jioni. Azima kimoja tu, tena chembamba.