Kurekebisha mdhoofiko wa fotoni kwenye PET ya ubongo, skana ikiwa ni ya PET na MRI

PET hupiga picha ya dawa ya mionzi iliyo mwilini. Fotoni zake, yaani chembe za mionzi hiyo, hutoka mbili mbili kuelekea pande mbili, kila moja ikiwa na nishati ya keV 511. Mdhoofiko ni kupungua kwake zinapozuiwa na mwili. Zikipita sentimita 20 za tishu laini, yenye mgawo (kiwango cha kuzuia fotoni) wa 0.096 kwa sentimita, ni takriban asilimia 15 tu ya jozi zitakazotoka salama pande zote mbili. Ndiyo maana lazima skana ipewe ramani ya mdhoofiko, inayoonyesha mgawo wa kila sehemu. Kwenye PET na CT ramani hutoka kwa CT. MRI husoma protoni, na mawimbi ya mfupa huzimika ndani ya muda usiofika milisekunde moja, kwa hiyo fuvu hutoka jeusi kama hewa. Kinachozuia fotoni kuliko vyote kichwani ndicho MRI isichokiona.

Piga hesabu uone uzito wake. Fuvu la milimita 7 kila upande ni sentimita 1.4. Ukilihesabu kama tishu laini, 0.100 (thamani inayotumiwa na skana) badala ya 0.151, unakosa 0.051 × 1.4, yaani karibu asilimia 7. Hiyo ni kwa njia ya fotoni inayokata fuvu moja kwa moja. Inayopita pembezoni hupita kwenye mfupa mrefu zaidi, kwa hiyo gamba la ubongo hupungukiwa kuliko kiini.

Kabla ya kumlaza mgonjwa, ondoa hereni, vibanio vya nywele na meno ya bandia yanayotoka. Mpe vizibo vya masikio. Vipokea sauti vikubwa huzuia fotoni na kwa kawaida havimo kwenye ramani. Koili ya kichwa (antena ya MRI inayozunguka kichwa) ikae penye nafasi yake halisi, kwani ramani yake imeshapangwa kufuata nafasi hiyo.

Kwenye skana ya Biograph mMR ya Siemens, Dixon, picha ya MRI inayotenganisha maji na mafuta, hugawa mwili makundi manne: hewa 0, mapafu 0.0224, mafuta 0.0854, tishu laini 0.1000. Mfupa haumo. Usiitegemee peke yake ukitaka vipimo vya ubongo. Ongeza UTE, picha ya MRI inayosoma mawimbi mapema kabla hayajazimika, yenye mwangwi wa kwanza wa milisekunde 0.07 na wa pili wa 2.46: kinachong'aa kwanza kisha kikazimika ndicho mfupa. Skana ya Signa ya GE hutumia ZTE, ya aina hiyohiyo ila husoma mapema zaidi. Kwa mtu mzima mwenye fuvu zima, tunapendelea CT ya kukisia inayotengenezwa kutoka picha ya T1 (picha ya kawaida ya MRI ya umbo la ubongo) kwa kuilinganisha na atlasi, yaani mkusanyiko wa picha za watu wengine. Kwa mtoto, au fuvu lililopasuliwa, atlasi ya watu wazima haitafaa.

Fungua ramani mgonjwa akiwa bado mezani. Kosa baya kuliko yote ni Dixon kubadilisha maji na mafuta: ubongo husomeka 854 badala ya 1000 (thamani huhifadhiwa zikiwa zimezidishwa kwa 10,000). Kwenye sentimita 18 za ubongo hiyo inaweza kushusha vipimo kwa zaidi ya asilimia 20, na picha bado ikaonekana nzuri. Rudia Dixon palepale. Haimalizi nusu dakika.

Kisha tazama pua na mfupa wa nyuma ya sikio. UTE huona mfupa wa uongo pale hewa inapogusana na tishu. Vijitundu vya hewa nyuma ya sikio vikigeuka mfupa, serebela (ubongo mdogo wa nyuma) iliyo jirani husomeka juu kupita kiasi. Kwenye picha za amiloidi (protini inayojikusanya katika ugonjwa wa Alzheimer) vipimo vya ubongo mara nyingi hugawanywa kwa kipimo cha serebela, kwa hiyo ubongo wote utaonekana na amiloidi pungufu. Mdomoni, madini ya kuziba meno huacha shimo jeusi. Lijaze kwa mkono, 0.1000.

Mgonjwa akiwa na CT ya kichwa iliyopigwa karibuni, itumie. Futa kitanda cha CT, ilinganishe na T1 kwa kuisogeza na kuizungusha tu, bila kuinyoosha. Kwa kilovolti 120: hadi Hounsfield (HU, kipimo cha picha ya CT) 47, mgawo ni 0.000096 × (HU + 1000). Juu ya hapo ni 0.000051 × (HU + 1000) + 0.0471. Ilainishe ifanane na ukali wa PET. Shingo isiyofikiwa na CT iazimwe kutoka Dixon.

Mwisho, jenga picha ya PET isiyorekebishwa, iweke juu ya ramani. Ukingo wa ngozi ya kichwa usipolingana, mgonjwa amesogea. Gawa data ghafi kwa vipindi, isogeze ramani ifuate kila kipindi, ndipo ujenge upya.