Acha kurundika if za TCP na UDP kila kona ya kodi

TCP na UDP ni njia mbili za kutuma data kwenye mtandao. Jana nimefuta if (masharti ya kodi) kibao za "kama ni TCP fanya hivi, kama ni UDP fanya vile". Dawa yake: tengeneza intafesi moja (orodha ya kazi ambazo kila klasi lazima iwe nazo) yenye fungua(), tuma(), pokea() na funga(), kila aina ya koneksheni iwe na klasi yake, halafu faktori moja tu (kodi inayotengeneza koneksheni) ndo isome konfigi (mipangilio ya programu) na kuamua ipi itumike, kodi nyingine yote isijue inaongea na nani. Ikija WebSocket (njia nyingine ya mawasiliano ya mtandaoni) unaongeza klasi moja na kuitaja kwenye faktori, basi, na kwenye testi unachomeka klasi feki bila kugusa mtandao. Ila hapa ndo watu wanaumia: pokea() irudishe ujumbe mzima, sio baiti zozote zilizofika, maana UDP inatunza mipaka ya kila pakiti lakini TCP ni mkondo tu, ukituma jumbe mbili zinaweza kufika zimeshikana au moja imekatika katikati, kwa hiyo ndani ya klasi ya TCP tanguliza baiti 4 za urefu kabla ya kila ujumbe. Mbinu hii inakwama pale kodi inayotumia intafesi inapotegemea kila kitu kifike tena kwa mpangilio, UDP haijaahidi hilo na intafesi haitaibadilisha. Na kama una koneksheni aina moja tu, achana na mbinu hii, utajichosha bure.