Asumini ya mwitu usiing'oe

Wiki jana nilikutana na mkulima karibu na mji wa Elburgon, Kenya, amefunga shina la asumini ya mwitu nyuma ya bodaboda, mizizi imo ndani ya gunia. Shina lilikuwa nene kama kifundo cha mkono. Akaniuliza achimbe shimo la kina gani. Nikamwambia asijisumbue, mmea ule ulishakufa pale jembe lilipoupita. Huyo ni wa tano msimu huu.

Asumini hii, Jasminum abyssinicum, ni ya pembezoni mwa misitu ya milimani kama Mau na Elgon. Mnaijua: majani matatumatatu, ua jeupe lenye waridi mgongoni, harufu inayokufuata njiani. Hujisokota kwenye mti ifike juani, lakini miguu yake iko kivulini, chini ya majani yaliyooza. Ukiing'oa, mizizi myembamba kama nywele, ile inayokunywa maji, inabaki msituni. Unayobeba ni ile minene ya kushikilia tu. Unaipanda langoni kwenye jua kali, wiki mbili majani yamejikunja, ya tatu una kuni. Na kutoa mmea katika msitu wa serikali bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016. Hata tawi. Muombe jirani ambaye anayo kwenye ua wake akupe tawi la kuotesha.

Kata mvua ikishashika, Aprili hadi Juni, asubuhi kabla ya jua kupanda. Chagua tawi la mwaka huu lenye unene wa penseli, ambalo ukilipinda linarudi. Likilegea kama mboga bado changa, likivunjika limezeeka. Urefu ni sentimita 12 hadi 15, lenye vifundo vitatu, yaani pale majani yanapochipukia. Sentimita, jamani, si mkono mzima! Kata chini kidogo ya kifundo, toa majani ya chini, yale ya juu yapunguze nusu. Fukia vifundo viwili kwenye mchanga wa mto na udongo wa juu, nusu kwa nusu. Samadi hapana, hata ya zamani, itaozesha kidonda. Funika kwa chupa ya lita 5 iliyokatwa kitako, weka kivulini, udongo uwe na unyevu bila kutota.

Kisha ondoa mikono kwa wiki sita hadi nane. Kuna watu huchomoa kila Jumapili waone kama mizizi imetoka, kama wanaochimba viazi.

Majani mapya yakitoka, imeshika.

Hamisha wakati mvua bado ipo. Shimo la sentimita 45 kila upande, upande wa mashariki wa mti, sentimita 60 kutoka shinani, na majani makavu juu yake kimo cha sentimita 8, yasiguse shina la asumini.

Yule wa Elburgon nimempa vipande vinne kutoka ua wangu. Gunia lake atalitundika liwe kivuli.